Poloksama 407 inaganda, 188 inabaki maji tu. Urefu wa vipande unafanya nini hasa?

BintiWete

Assalaam alaykum jamani, nawaulizeni nyie mliosoma kemia maana huku kwetu nimeuliza kila mtu na kila mtu ananijibu lake.

Tuna kikundi chetu hapa Wete, tunatengeneza jeli ya kuchua yenye mafuta ya makonyo ya karafuu. Tangu mwanzo tulikuwa tunatumia poloksama 407, ni unga wa kugandishia jeli, gramu 20 kwenye gramu 80 za maji baridi, unaunyunyiza ule unga juu ya maji pole pole bila kukoroga kwa nguvu, unatia kwenye friji mpaka asubuhi, ukitoa unaona umekuwa kitu cha wazi kama kioo, kinamiminika kama shira, alafu ukikiweka mezani kidogo tu kinashika, unapindua kopo juu chini na hakitoki. Hapo hapo ukikirudisha friji kinakuwa maji tena. Kila mtu anayeona anashangaa, kwa sababu sisi tumezoea kitu kigande kikipoa si kikipata joto.

Sasa muuzaji akaishiwa 407 akatuletea 188, akasema ni poloksama hiyo hiyo ni namba tu. Tukafanya kipimo kile kile, maji yale yale, friji ile ile. Haigandi. Ukiitoa inabaki maji, ukiianika juani inabaki maji. Nikapandisha mpaka asilimia 30, ikawa nzito kidogo kama sharubati iliyokolea lakini bado inamiminika.

Nilichokisoma ni kwamba zote mbili zimejengwa kwa vitu viwili hivyo hivyo, katikati polipropilini oksaidi na pembeni huku na huku polietilini oksaidi, mpangilio mmoja. 407 ina uzito wa molekuli kama 12,600 hivi na 188 kama 8,400. Ikiwa ni uzito tu bas 188 kwa asilimia 30 ingetakiwa ilingane na 407 ya 20, si ndiyo? Na tena 188 ina sehemu kubwa zaidi ya kile kinachopenda maji, asilimia 80, wakati 407 ina 70. Mimi kwa akili yangu nilidhani kinachopenda maji kikizidi ndiyo kinashika maji zaidi.

Sitaki resipe jamani, resipe ninazo. Nataka kufahamu kwa nini.

---

Mkoani_2

Waalaykum salaam. Dada kwani lazima poloksama? Nunua kaboma, unga mwengine wa kugandishia, unatia nusu asilimia tu, unaweka matone ya trietanolamini inashika palepale, joto wala baridi haijali. Bei nafuu tena.

---

MaalimTunguu

Waalaykum salaam warahmatullah. Bibie umeuliza suala zuri sana, na kaboma inashika kweli lakini haijibu ulichouliza, kwa hiyo nivumilie kidogo nitakuwa mrefu.

Uzito wa molekuli peke yake hautakuambia kitu. Tazama vipande. Kila molekuli ni mnyororo, na viungo ni zile pete zake. 407 katikati ina viungo kama 65 vya polipropilini oksaidi, na kila pembeni viungo kama 100 vya polietilini oksaidi. 188 katikati ina kama 29 tu, na kila pembeni kama 76. (Hizi ni wastani, kwenye gunia moja kuna minyororo mirefu na mifupi.) Sasa linganisha wenyewe: pembeni wamepishana robo tu, lakini katikati 188 haifiki hata nusu ya 407. Tofauti yote unayoiona mezani kwako inatoka hapo katikati.

Na hizo namba anazokwambia muuzaji ni namba tu, ndizo zinazosema haya haya. Kwenye jina la poloksama chukua tarakimu mbili za mwanzo zidisha kwa 100, unapata takriban uzito wa kipande cha kati, tarakimu ya mwisho zidisha kwa 10 unapata asilimia ya kinachopenda maji. Kwa hiyo 407 ni kati 4,000 na asilimia 70, na 188 ni kati 1,800 na asilimia 80. Ukikuta jina la biashara la Pluronic hesabu ni nyengine kidogo, F127 ndiyo 407 yako na F68 ndiyo 188, hapo tarakimu za mbele unazidisha kwa 300, na ile herufi ni sura ya kitu chenyewe, L ni kimiminika, P ni ujiuji, F ni vipande vikavu.

Enhe, sasa kwa nini kati ndiyo inaamua. Polipropilini oksaidi ina tabia ya ajabu, kwenye maji baridi inayeyuka, maji yanaizunguka na kuikumbatia, ila joto likipanda yale maji yanaiachia, na ikishaachiwa inatafuta wenzake ikimbilie huko isiguswe na maji. Minyororo kadhaa inakusanyika, vipande vya kati vinaingia ndani vinafanya kiini, vya pembeni vinabaki nje majini. Hicho kijibunda ndicho misela. Sasa kila kiungo kimoja kinachoongezeka katikati kinaongeza hamu ya kukusanyika, na hamu hiyo haiongezeki kwa kujumlishana, inazidishana, kwa hiyo ukirefusha kati mara mbili kiwango kinachohitajika ili misela zianze hakishuki mara mbili, kinashuka mara nyingi mno. F127 kwa asilimia 1 tu misela zinaanza kwenye nyuzi kama 24. F68 kwa asilimia 1 hiyo hiyo hata ukiifikisha joto la mwili bado minyororo inaogelea mmoja mmoja.

Hapo ndipo ile asilimia 30 yako. Pale mezani kwako 188 haijakusanyika vya kutosha, ni minyororo mifupi imetawanyika majini, na minyororo mifupi iliyotawanyika inaongeza mnato taratibu tu, unapata sharubati. Ukitaka 188 igande kwenye joto la kawaida unatafuta asilimia 50 huko, na hapo si jeli tena ni hasara.

---

BintiWete

Maalim ahsante sana, hii ya namba nimeipenda mno, kumbe jibu lilikuwa limeandikwa kwenye mfuko.

Lakini bado sijashiba. Misela zimetokea, sawa. Kwa nini zikitokea maji yote yasimame? Asilimia 80 ya kile kitu si maji? Na la pili, ikiwa kati ndiyo kila kitu, bas kwa nini wasirefushe kati tu wakapunguza pembeni, tukapata kitu kinachoganda kwa asilimia 5?

---

MaalimTunguu

Suala lako la pili ndilo linalojibu la kwanza.

Fikiria shokishoki ndani ya pakacha. Kila misela ni shokishoki moja, kokwa katikati na manyoya nje. Yakiwa machache yanabingirika unavyotaka. Pakacha likijaa manyoya yanasukumana na hakuna linaloweza kumpita mwenzake, ukiinamisha pakacha halitoki hata moja, ingawa nafasi kubwa humo ndani ni manyoya na hewa. Kwenye jeli yako badala ya hewa ni maji yaliyonaswa kwenye manyoya. Kell Mortensen na wenzake kule Denmark mwaka 1992 walipiga mihimili ya nyutroni kwenye jeli za aina hii wakaona misela zimejipanga kwa safu kama fuwele kabisa, na kupangika huko kunatokea pale misela zinapojaza zaidi kidogo ya nusu ya nafasi yote. Hakuna gundi humo, hakuna kilichofungana na chengine, ni kubanana tu. Ndiyo maana ukiikamua kwenye tyubu inatoka, ukiiacha inasimama palepale ilipo, na ukiirudisha friji misela zinavunjika pakacha linakuwa tupu.

Kwa hiyo kipande cha kati kinaamua misela zitokee lini, na vipande vya pembeni vinaamua kila misela itashika nafasi kiasi gani. Unahitaji vyote viwili. Ukitaka ushahidi itazame P123, poloksama nyengine kwa jina la Pluronic: katikati ina viungo kama 70, yaani sawasawa na 407 au imeizidi kidogo, lakini pembeni ina 20 tu kila upande badala ya 100. Misela zake zinatokea mapema kuliko 407, kwenye ubaridi zaidi, lakini manyoya mafupi, kwa hiyo kwa asilimia 20 inabaki inamiminika na inabidi uende karibu 30 ndiyo ishike. Punguza pembeni zaidi, nenda L121 yenye viungo kama 5 tu kila upande na 68 katikati, hapo hata hazifanyi tena vijibunda vya duara, zinajipanga bapa bapa na vifuko, maji yanageuka ukungu, na jeli ya wazi kama kioo huipati.

F108 ndiyo ya upande wa pili, kati imekuwa fupi kama 50 lakini pembeni 132 kila upande, nayo inaganda kwa asilimia ishirini na kitu. Manyoya marefu yamefidia.

Tena ukiendelea kuipasha 407 moto mpaka juu huko, mbali na joto la hewa yetu, jeli inarudi kuyeyuka, kwa sababu hata yale manyoya yanaanza kuachwa na maji yanasinyaa, kila misela inapungua ukubwa na pakacha linalegea. Wanafunzi wengi hii hawaijui wanadhani joto likizidi inazidi kuwa ngumu.

---

Mfamasia_Ngambo

Salaam nyote. Maalim kasema yote ya ndani mimi nakuja na ya nje, kwa sababu miye kazi yangu kila siku ni kuona jeli kama hizi zimeharibika na watu wakilaumu poloksama.

Dada umesema maji yale yale. Maji gani? Ikiwa ni ya kisima nakuomba usitumie. Visima vyetu vingi vya karibu na pwani vina chumvi na chokaa, na chumvi inawania yale maji yaliyomkumbatia mnyororo, inamnyang'anya, kwa hiyo misela zinatokea kwenye baridi zaidi na jeli inaganda mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye vitabu. Leo kisima hichi kesho kile, kila mtungo unakupa jeli nyengine na utadhani ni poloksama imebadilika. Nunua maji yaliyokenekwa, ya kutoka kwenye maabara au duka la dawa. Na tafadhali usichukue yale wanayoita maji ya betri ukadhani ni hayo hayo, mengine wanayouza kwa jina hilo yana asidi.

Mafuta ya makonyo nayo yanaingia kwenye hesabu hiyo hiyo ya urefu wa vipande. Sehemu kubwa ya mafuta yale ni eugenoli, haipendi maji, inakimbilia kwenye kiini cha misela inakaa humo. Ni kama umekinenepesha kile kipande cha kati bila kukirefusha. Kwa kawaida kitu kama hicho kinashusha joto la kugandia. 407 ina kiini kikubwa inayabeba mafuta vizuri, 188 kwa kuwa misela hazipo basi mafuta hayana pa kukaa, na nina hakika ukiitazama ile chupa ya 188 utaona yamepanda juu au maji yamekuwa kama maziwa. Kweli si kweli?

Halafu kuna jambo watu hawaliangalii kabisa, nalo ni dawa ya kuzuia ukungu. Parabeni nazo hazipendi maji sana, zinazama kwenye misela, zinazobaki kwenye maji ambako ndiko vijidudu vinakoishi ni chache. Unatia kipimo kilichoandikwa unadhani umekinga, kumbe misela zimekula. Kitu chenye maji asilimia 80 kwenye hali ya hewa yetu hii kitaota ukungu tu. Na eugenoli nyingi inaunguza ngozi, mjaribu kwanza kidogo ndani ya mkono kabla ya kumpa mteja.

---

BintiWete

Kweli tupu. Ile 188 mafuta yalipanda juu, kuna duara za njano juu ya maji, nikikoroga inakuwa nyeupe alafu baada ya muda yanapanda tena. Na maji ni ya kisima kilichochemshwa. Kuchemsha hakutoi chumvi, nimeshafahamu hapo.

Sasa kuna kitu kimoja nataka tukijadili maana kwenye maandishi yote ya 407 wanasema kitu kinakuwa maji kwenye joto la chumbani na kinaganda kikigusa mwili, wanasifu sana hilo, unapaka kama maji kinashika kwenye ngozi. Kwetu hakijawahi kuwa maji mezani hata siku moja. Kiangazi ndiyo usiseme, kinatoka friji na kabla hujamaliza kufunga friji kimeshaanza kushika.

---

MaalimTunguu

Chumba cha hao walioandika ni nyuzi 20 au chini. Chumba chako ni 30.

Hapa ndipo watu wetu wanapokopi resipe wakashindwa, na naliona jambo hili zito kuliko yote tuliyoyasema. 407 ya asilimia 20 inaganda kati ya nyuzi 20 na 25. Kwao huko inapita mpaka huo inapotoka kwenye chupa kuja kwenye ngozi. Kwetu kaskazi mchana hewa inafika nyuzi 32 au 33, na ngozi ya juu ya mtu ni kama 32 mpaka 34, kwa hiyo hewa na ngozi karibu ziko sawa, hakuna mlango wa kupitia. Hata kipupwe usiku inaposhuka mpaka 22 huko bado uko pale pale kwenye mpaka, asubuhi maji mchana jeli, mteja akakurejeshea akisema imeharibika.

Ukipunguza kipimo mpaka asilimia 16 hivi joto la kugandia linapanda linakaribia 30 na zaidi, lakini ukishuka chini ya 15 misela hazitoshi kujaza pakacha na haigandi kabisa kwa joto lolote. Kwa hiyo una nafasi finyu sana ya kuchezea. Rai yangu, na naisema kwa moyo, acheni kufukuzia hiyo ya kuwa maji kwenye chupa. Tengenezeni jeli inayosimama wakati wote, itieni kwenye tyubu ya kukamua badala ya chupa ya kumimina, na hapo hewa yetu ya joto inawasaidieni.

---

Mfamasia_Ngambo

Nakubaliana na maalim kwa ya kuchua. Ila kwa mwenye haja ya kupandisha joto la kugandia kuna njia moja inayotumika sana kwenye matone ya macho, nayo ni kuchanganya 188 ndani ya 407. Kwa hiyo dada usiitupe hiyo 188. Ukitia asilimia chache za 188 kwenye 407 joto la kugandia linapanda, kwa sababu ile minyororo yenye kati fupi inajiingiza baina ya wenzake, haikusanyiki vizuri, inachelewesha misela kujipanga. Unachanganya urefu wa aina mbili kupata tabia ya katikati. Ila ukizidisha jeli inakuwa legelege.

---

Rangi_na_Boti

Nimesoma yote, mie si mtu wa dawa, nauza na kuchanganya rangi za nyumba na za vyombo vya baharini, naongeza upande wangu maana kuna kitu hakijasemwa.

Kwenye rangi za maji sisi tunatumia kizito chengine ambacho vipande vyake vimegeuzwa. Katikati ndiyo mrefu na unapenda maji, na ncha mbili za mwisho ndizo fupi na zinachukia maji, ni vikia vya kaboni 12, 16, 18 hivi. Huyu hafanyi kama wenu wa kujazana. Yeye ncha moja anaichomeka kwenye kijibunda hiki na ncha nyengine kwenye kijibunda kile, anafanya daraja. Rangi nzima inakuwa wavu. Kwa hiyo unapata uzito kwa asilimia moja au hata chini ya hapo, si 20.

Na hapo urefu unafanya kazi nyengine kabisa. Ncha haikai milele, inachomoka inachomekwa tena, na muda inaokaa unategemea urefu wa kikia. Kaboni chache zikizidi tu muda unaruka mara nyingi, nayo ni ile ile ya kuzidishana aliyoisema maalim. Ncha fupi inachomoka haraka, rangi inateleza inajisawazisha ukutani alama za brashi zinapotea lakini ukizembea inachuruzika. Ncha ndefu rangi inasimama haichuruziki ila alama za brashi zinabaki.  Na ukipaka kwa rola kwa kasi madaraja yanakatika kuliko yanavyojengeka, inakuwa nyepesi, ukisimama inarudi.

Kwa hiyo dada ukiulizwa urefu wa vipande unafanya nini, kwanza uliza kipande kipi kiko wapi kwenye mnyororo.

---

MaalimTunguu

Rangi_na_Boti umenifurahisha, na umegusa pengine bila kukusudia jambo jengine, muda. Poloksama kiini chake ni laini kama mafuta, minyororo inaingia na kutoka, ndiyo maana friji inairudisha kuwa maji. Lakini kuna kopolima, yaani minyororo ya vipande tofauti kama hii yetu, ambazo kipande kinachochukia maji ni polistairini, ile ile ya vikombe vyeupe. Polistairini inabaki ngumu kama kioo mpaka nyuzi 100 hivi. Kipande kikiwa kirefu kiini kinakuwa punje ngumu, mnyororo ukishaingia hautoki, huwezi hata kuiyeyusha kwenye maji moja kwa moja, wanaianzia kwenye kiyeyusho chengine alafu wanaingiza maji pole pole. Jeli ya namna hiyo inategemea ulivyoitengeneza siku ya kwanza, ukiipasha na kuipoza haisahau. Kwa hiyo urefu wa kipande kinachochukia maji ukizidi mno unapoteza ule uwezo wa kurudi nyuma ambao ndio unaoufaidi kwenye friji yako.

---

MamaMwani_Jambiani

Assalaam alaykum. Jamani na sisi wa mwani tupewe nafasi. Hapa Jambiani tunatoa karajinani kwenye mwani, na BintiWete alisema amezoea kitu kigande kikipoa, bas hicho ndicho chetu. Unapasha moto kinakuwa maji, kikipoa minyororo inajisokota pamoja, kinashika. Mwani wa kotoni unatoa jeli ngumu inayokatika na inapenda potasiamu, mwani wa spinosa unatoa jeli laini inayovutika. Hiyo hata kaskazi haiyeyuki mezani. Mwanangu ikiwa unachotaka ni jeli ya kusimama wakati wote kama alivyokushauri maalim, kwa nini ununue unga wa nje wakati mwani upo Pemba huko huko?

---

BintiWete

Shangazi waalaykum salaam, ahsante sana, hilo nalichukua. Ila nina shaka moja, karajinani haina kipande cha kuchukia maji, kwa hiyo mafuta ya makonyo yatakaa wapi? Si yatapanda juu kama yalivyopanda kwenye 188?

---

Mfamasia_Ngambo

Umeshakuwa mtaalamu, hilo ndilo suala lenyewe. Karajinani itayashika mafuta kwa kuyazuia yasitembee, haitayayeyusha ndani kama misela, kwa hiyo utapata jeli nyeupe yenye matone madogo madogo badala ya kioo. Kwa kuchua haina tatizo. Ukitaka vyote viwili jaribu hivi: 407 kidogo, asilimia 3 au 5, haitaganda kwa kipimo hicho lakini misela zitakuwepo kwa joto letu na zitabeba mafuta, alafu kusimama aachiwe karajinani. Yeyusha 407 kwanza kwenye baridi, iache ipate joto la chumba ili misela zitokee, ndipo utie mafuta ukoroge mpaka yawe wazi, karajinani ipashwe peke yake, ziunganishwe karajinani ikiwa inakaribia kupoa lakini bado haijashika. Anza na gramu 100 tu usimwage mali.

---

BintiWete

Gramu 100, nimeandika. Maji ntaagiza Chake wiki hii, mwani ntauliza Micheweni. Shangazi nitakuandikia pembeni unipe namna mnavyoisafisha ile harufu ya bahari, maana hiyo na karafuu pamoja sijui itakuwaje.

---

MamaMwani_Jambiani

Niandikie mwanangu. Harufu inatoka kwa kuosha kwa maji ya baridi na kuanika, kisha unaosha tena, usiwe na haraka na kuosha. Na uniletee hiyo jeli ikishashika, magoti yangu yanaisubiri.